Sura ya Sita: Aliyekaa na Gari Ndiye wa Kueleza

Ugomvi wa bili ya gereji una sura ileile, uwe Dar es Salaam, Mombasa au Kampala. Gari limepelekwa kwa tatizo moja. Fundi amelisikiliza, ametaja bei, amepokea kianzio na kuahidi siku. Siku imepita, wiki zikafuata, simu zikaanza kutopokelewa. Hatimaye gari linatoka na bili kubwa kuliko ile iliyotajwa, na kabla mwenye gari hajafika nyumbani taa ya injini inawaka, au kioo cha mlango kilichokuwa kikipanda vizuri sasa kimegoma. Anaporudi kulalamika anakutana na swali ambalo limezima madai mengi kabla hayajaanza: una uhakika gani kwamba hilo halikuwepo? Wengi hukosa jibu, huomba kupunguziwa kidogo, hulipa na kuondoka. Hoja ya sura hii ni kwamba swali hilo limeulizwa mtu asiyestahili kuulizwa. Kwa muda wote huo funguo zilikuwa kwa fundi, boneti lilifunguliwa na watu wake, na kama gari liliendeshwa, aliliendesha yeye au saidia fundi wake. Mwenye gari hakuwepo. Anayeweza kueleza kilichotokea ni yule aliyekaa na gari, na bili ambayo haijaelezwa bado ni dai tu, haijawa deni.

Msingi wa hoja hii haukubuniwa na wenye magari wenye hasira. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ambayo sehemu kubwa ya vifungu vyake inatokana na Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, inazungumzia kwa kirefu mali inayokabidhiwa kwa mtu kwa kusudi fulani ili irudishwe kusudi hilo likitimia: kitambaa kwa fundi cherehani, kito kwa sonara, gari kwa fundi magari. Aliyekabidhiwa anatakiwa kuitunza kama mtu wa busara ya kawaida anavyotunza mali yake mwenyewe ya aina hiyo. Hilo wengi wanalihisi hata bila kusoma sheria. Kisichojulikana sana ni kanuni inayoandamana nalo: ikiwa kwa kosa la aliyekabidhiwa mali haikurudishwa kwa wakati wake, basi tangu wakati huo yeye ndiye anayebeba upotevu, uharibifu na uchakavu utakaoipata. Kanuni hii inaunganisha malalamiko mawili ambayo mwenye gari huyapeleka yakiwa yametengana. Kuchelewa na ubovu mpya si mambo mawili. Siku ya ahadi ikipita bila sababu ya haki, kila kinachoharibika baada ya hapo kinaingia upande wa gereji. Kenya, ambako sheria ya mikataba inafuata kanuni za Uingereza, hufika mahali hapohapo kwa njia nyingine: mali ikiharibika mikononi mwa aliyekabidhiwa, ni juu yake kuonyesha kwamba hakuzembea.

Wanazuoni wa fikihi nao waliujadili mzigo huu karne nyingi kabla ya injini. Imepokewa kwamba Khalifa Ali bin Abi Talib aliwabebesha mafundi dhamana ya mali za watu, kwa hoja kwamba bila hivyo mambo ya watu hayatengemai. Imamu Malik alielekea huko. Abu Hanifa hakukubali fundi abebeshwe hasara ambayo haikutokana na kazi yake wala kosa lake, na wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad, wakamkhalifu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi pwani yetu, kauli yenye nguvu ni kwamba fundi asiyezembea hadhamini. Nataja tofauti hizi kwa sababu hata kauli iliyo nyepesi zaidi kwa fundi inamwachia asiyezembea. Gereji iliyokaa wiki kadhaa bila kupokea simu haijaonyesha kwamba haikuzembea.

Watu husema gari lililoegeshwa halina baya linalolipata. Si kweli. Gari la kisasa halilali kabisa hata likizimwa: kengele ya wizi, kufuli za milango na kompyuta zake huendelea kunywa umeme kidogo kidogo, na betri isiyochajiwa kwa wiki nyingi hudhoofika, wakati mwingine bila kupona. Diski za breki hushika kutu, na penye hewa ya chumvi kama Tanga au Mombasa kutu hiyo haichelewi. Tairi lililosimama pamoja kwa muda mrefu bila upepo wa kutosha hupata bapa. Panya hupenda kujenga ndani ya boneti na kutafuna nyaya, na hitilafu ya waya uliotafunwa ni miongoni mwa zile zinazosumbua mno kutafutwa, kwa sababu huja na kuondoka. Injini iliyofunguliwa na kuachwa wazi huingiza vumbi mahali ambapo vumbi halitakiwi. Halafu kuna yale yanayofanywa na mikono ya watu: betri nzuri kuhamishiwa gari jingine "kwa muda", tairi la akiba na jeki kutoweka, mafuta ya tangi kwisha, masega ya bomba la moshi kung'olewa na kuuzwa. Kadiri gari linavyokaa, ndivyo nafasi za haya yote zinavyoongezeka. Kwa hiyo fundi anayesema amechelewa tu lakini hajaharibu kitu anatenganisha mambo ambayo kwa asili ya gari hayatengani.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wenye kawaida ya gereji zetu. Gari limepelekwa kwa sababu gasketi ya silinda hedi imeungua. Makisio ni Sh 1,200,000, spea pamoja na ufundi, na ahadi ni siku 10. Linatoka baada ya wiki 7 na bili ya Sh 1,950,000: ile 1,200,000, alteneta 350,000, rejeta 250,000, na maegesho 150,000. Siku ya pili injini inachemka, taa ya injini inawaka, kioo cha dereva hakipandi, na gari linagonga likipita kwenye tuta. Mwenye gari akiingia gereji na malalamiko yote manne kwa sauti moja, atashindwa, kwa kuwa fundi atachagua lililo dhaifu na kulitumia kuyapindua yote. Kugonga kwenye tuta huenda ni bushi au shokapu, na kazi ya gasketi haigusi huko. Kioo cha umeme hupoteza mpangilio wake betri inapotolewa, na kwenye magari mengi hurudi kwa kubonyeza na kushikilia swichi, bila shilingi kutoka. Kuchemka kwa injini, kwa upande mwingine, kumo ndani ya kazi yenyewe: hewa haikutolewa kwenye mfumo wa maji, au soketi ya feni haikurudishwa, au thamostati mbovu imeachwa, au silinda hedi iliyopinda imefungwa bila kupelekwa kwenye mashine ya kuinyoosha. Hapo fundi anadaiwa maelezo, na hana pa kuyakwepea. Taa ya injini iko katikati, na mashine ya kupimia itaamua kwa dakika chache: msimbo wa sensa iliyo jirani na sehemu iliyofunguliwa unasema jambo moja, msimbo wa sensa ya mbali unasema jingine.

Hapa pana pingamizi zito, na sitaki kulipita haraka. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa tayari yametumika, yamepita kwenye barabara za vumbi na mashimo, na kila wiki kitu kingine kimo mbioni kuharibika. Fundi atasema, na mara nyingine atakuwa anasema kweli, kwamba alteneta ilikuwa imefika mwisho wake na ingekufa popote ilipo. Ubovu kujitokeza baada ya matengenezo si ushahidi kwamba umetokana na matengenezo. Nakubali. Lakini pingamizi hili halimwondolei fundi mzigo. Linatueleza tu mzigo huo unapaswa kubebwa kwa nini: kwa kumbukumbu ya hali ya gari siku lilipoingia. Fundi ndiye mtaalamu, ndiye anayejua kwamba magari ya mtumba yana magonjwa yaliyojificha, na ndiye atakayenufaika kama magonjwa hayo yameandikwa mapema. Asipoandika, amechagua mwenyewe kubaki bila ushahidi.

Serikali ya Tanzania iliona hili kwenye magari yake. Utaratibu unataka gari la umma likaguliwe na TEMESA, Wakala wa Ufundi na Umeme, kabla ya kutengenezwa na baada ya kutengenezwa, na taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja mara kwa mara taasisi na halmashauri zilizolipia matengenezo bila ukaguzi huo. Hoja ya wakaguzi haikuwa lazima kwamba fedha zimeibwa. Hoja ni kwamba bila hali ya kabla na hali ya baada, hakuna anayeweza kusema kilicholipiwa kilifanyika. Ikiwa Hazina yenye mafundi, wanasheria na wakaguzi haiwezi kuithibitisha bili bila kumbukumbu mbili, mtu mmoja mwenye gari moja ataweza vipi? Kwake yeye kumbukumbu ni rahisi kuliko ya serikali: video fupi ya simu inayoonyesha dashibodi injini ikiwa imewashwa, kilomita, kiwango cha mafuta, tairi nne na la akiba, betri na namba yake, vioo vikipanda na kushuka, yote yakitumwa kwa fundi kwa WhatsApp palepale uwanjani kwake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali kumbukumbu za namna hiyo mbele ya mahakama ya Tanzania. Na gari lenyewe lina kumbukumbu yake. Kwenye magari mengi ya miaka ya karibuni kompyuta ya injini huhifadhi kilomita zilizotembewa tangu misimbo ya hitilafu ilipofutwa mara ya mwisho. Ikiwa misimbo ilifutwa saa moja kabla ya kukabidhiwa funguo, namba hiyo itasema.

Pingamizi la pili ni la haki zaidi: hakuna fundi anayeweza kujua kilichomo ndani mpaka afungue. Bei ya kwanza ni makisio, na akikuta rejeta imeziba hawezi kufunga injini juu ya rejeta iliyoziba. Ni kweli. Lakini anaweza kupiga simu. Sheria ya Kulinda Walaji ya Kenya ya 2012 ina sehemu maalumu kuhusu matengenezo ya magari, na imelimaliza jambo hili kwa maneno machache. Gereji itoe makisio kwanza, isifanye kazi ambayo mteja hakuiidhinisha, bili isizidi makisio kwa zaidi ya asilimia 10, spea zilizotolewa mteja arudishiwe akizitaka, na spea mpya pamoja na ufundi wa kuzifunga viwe na dhamana ya angalau siku 90 au kilomita 5,000, kutegemea kipi kitatangulia. Kwa kipimo hicho, makisio ya 1,200,000 hayawezi kuzaa bili inayozidi 1,320,000 bila idhini mpya. Sheria ya Mikataba ya Tanzania haitaji asilimia, ila inadai makubaliano, na makubaliano hayawezi kufanywa na mtu mmoja. Fundi aliyeshauriwa vizuri atakimbilia kifungu cha 70, kinachosema kwamba mtu akikufanyia jambo kihalali bila kukusudia kulitoa bure, nawe ukafaidika nalo, unapaswa kumfidia. Anaweza kufaulu kwa rejeta, kwa sababu kazi uliyoiomba isingesimama bila hiyo, na naona ni haki alipwe thamani yake halisi ya maduka ya spea ya Gerezani au Shaurimoyo, si bei aliyojipangia. Kwa alteneta hawezi kufaulu kirahisi. Kabla hata ya kujadili bei yake, aitoe ile ya zamani ipimwe. Alteneta haivundi; kama ilitolewa ikiwa mbovu, ipo mahali.

Kuna wanaosema kudai haya yote ni kumwonea mtu mdogo. Fundi wa chini ya mwembe hana ofisi, hana karani, amejifunza kazi kwa kushika spana ya mwenzake, na anaishi kwa kianzio cha leo. Ninawaheshimu mafundi hawa. Bila wao nusu ya magari ya miji yetu yangekuwa vyuma chakavu, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, yenyewe imekubali kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Ndiyo maana nasema kumbukumbu inamlinda yeye kwanza. Mara nyingi ucheleweshaji si wake: mwenye gari ameahidi hela ya spea Ijumaa na kuileta baada ya wiki 3, au amenunua mwenyewe spea feki kwa bei ya kutupa kisha anamlaumu aliyeifunga. Siku ambazo fundi alikuwa akingoja pesa ya mteja hazihesabiki dhidi yake, na spea ya mteja ikifa, dhamana ya spea haiko kwa fundi. Ujumbe mmoja wa simu, "nimepokea laki nne leo, imebaki laki mbili ya gasketi, kazi imesimama", unatosha kumwokoa. Udogo wa mtu haumzuii kuandika ujumbe huo. Gereji kubwa zenye mapokezi na kiyoyozi, ambazo huzitaja bili zao kwa jumla ya mstari mmoja, hazina hata udhuru huu.

Kuhusu fidia ya kuchelewa, mwenye gari anapaswa kujua mpaka wa haki yake ili asidai kinachomharibia. Kifungu cha 73 cha sheria ya Tanzania kinaruhusu fidia ya hasara inayotokana kwa kawaida na kuvunjwa kwa mkataba, au ile ambayo pande zote mbili zilijua tangu mwanzo kwamba inaweza kutokea. Chimbuko lake ni kesi ya Uingereza ya 1854, Hadley na Baxendale, ambayo nayo ilianzia kwenye matengenezo. Kinu cha nafaka cha Gloucester kilivunjikiwa na mtaimbo wa injini. Mtaimbo ukakabidhiwa wasafirishaji ili ufike kwa mafundi wa Greenwich uwe kielelezo cha kutengenezea mwingine. Wasafirishaji wakachelewa, kinu kikasimama. Wenye kinu walidai faida waliyoikosa, na mahakama ikakataa kuwapa, kwa kuwa wasafirishaji hawakuwa wameelezwa kwamba kinu hakina mtaimbo wa akiba na kitasimama kwa ajili yao. Dereva wa teksi ambaye gari ndilo mkate wake asome kesi hii kwa makini. Asipomwambia fundi siku ya kwanza, kwa maandishi, kwamba kila siku gari linapolala yeye anakosa hesabu ya siku, dai lake la wiki 5 za kipato litakuwa jembamba. Akimwambia, litasimama.

Linabaki jambo linalowatisha watu kuliko yote, yaani gari lenyewe limo ndani ya geti la fundi. Sheria inampa fundi haki ya kulizuia mpaka alipwe ujira wa kazi aliyoifanya kulingana na makubaliano, na kulichukua kwa nguvu au kwa ujanja ni kujitafutia kesi. Lakini haki hiyo ina mipaka. Inahusu ujira wa kazi ile, haihusu deni la mwaka jana, na haimpi fundi ruhusa ya kutoza maegesho kwa siku ambazo yeye mwenyewe amelizuia gari kwa faida yake. Mahakama ya juu kabisa ya rufani ya Uingereza wakati huo, Baraza la Malodi, ilikataa dai la namna hiyo mwaka 1860 katika kesi ya Somes, iliyohusu meli iliyozuiwa na watengenezaji wake. Zile 150,000 za maegesho katika mfano wetu hazina pa kusimama: siku 10 za kwanza ni za kazi, zilizofuata ni za kuchelewa kwa fundi mwenyewe. Na kama huwezi kungoja, lipa sehemu usiyoibishia, kwa simu au benki ili ibaki alama, udai risiti ya mashine ya kodi (EFD). Ukilazimika kulipa iliyobaki ili gari litoke, andika kwamba unalipa huku ukipinga, na utaje vipengele unavyovipinga. Malipo ya namna hiyo hayafuti dai lako.

Kisha usilipeleke gari gereji nyingine kulirekebisha kabla ya kumpa wa kwanza nafasi ya kuliona, kwani fundi wa pili akishafungua, wa kwanza atasema ushahidi umeharibiwa, na atakuwa na hoja. Mwandikie, mpe siku chache zilizotajwa tarehe. Akikaa kimya, pata maelezo ya maandishi ya fundi mwingine pamoja na picha kabla hajagusa kitu. Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi 2021, inayopokea madai yasiyozidi Sh 1,000,000 za huko na kutakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Tanzania ina Mahakama za Mwanzo, zinazosikiliza kwa Kiswahili, na Tume ya Ushindani inayopokea malalamiko ya walaji. Mengi hayatafika huko, kwa sababu fundi anayeona barua yenye vipengele vilivyotenganishwa, video ya siku ya kwanza na tarehe za ahadi zake mwenyewe, kwa kawaida hukaa mezani. Kinachoharibu nafasi hiyo mara nyingi ni daftari la getini, ambamo mteja aliyechoka hutia saini kwamba amepokea gari likiwa zima na hana madai. Lisome kabla ya kuandika jina lako. Liendeshe gari kwanza hadi injini ipate moto, rudi, andika kwenye ukurasa huohuo yale ambayo hamjakubaliana, mwambie fundi naye aweke saini yake, upige picha, ndipo uondoke.